Canter iliyozimia mlimani na lita 11 tangini: uchambuzi wa kisa cha Ntyuka

Gari ni Mitsubishi Canter ya bodi ya mbao, injini 4D33, tangi la lita 100 ubavuni mwa chesisi. Ilifika jioni kwenye nyumba inayojengwa mlimani upande wa Ntyuka, Dodoma, ikiwa na mifuko 60 ya saruji ya kilo 50. Mtunza stoo alikuwa ameshaondoka, ikaamuliwa mzigo ulale juu ya gari. Dereva alipanda kwa kichwa hadi karibu na geti, akavuta handibreki, akazima injini na kutia gia ya kwanza. Utingo akasukumia jiwe moja nyuma ya tairi la kushoto. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka tangu kwenye lami, lakini mwezi ulikuwa unaisha na tajiri wa gari alitaka kujaza baada ya EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, kutoa bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Asubuhi injini iliwaka bila shida, ikanguruma chini ya dakika moja, ikaanza kukohoa, ikazima. Staata ilipigwa hadi betri ikaanza kuchoka. Mshale wa geji ulikuwa umelala kabisa.

"Shikamoo tajiri. Gari imezima, mafuta yamekata."

"Marahaba. Yamekataje wakati jana ulisema yanafika Kisasa na kurudi? Mmeyanyonya usiku."

Bodaboda akaleta dumu la lita 5. Likamiminwa lote tangini, praima (pampu ndogo ya mkono ya kuvutia mafuta) ikapigwa, likatoka povu tupu. Hapo yakazuka mashauri mawili. Moja lilikuwa kufungua paipu za nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. La pili lilikuwa kuachia handibreki na kuliteremsha gari kinyumenyume, liwake lenyewe kwa rivasi au lifike tambarare. Shauri la kwanza ni kupoteza muda tu. La pili ni la kuua mtu, na ndilo linalosemwa haraka zaidi kila lori linapozimia mlimani.

Mafuta yalikuwepo

Hakuna aliyeiba. Baridi ya usiku nayo haikuyapunguza kwa kiasi cha kuonekana: lita 11 za dizeli zikipoa kwa nyuzi 15 hupungua ujazo usiofika hata robo lita. Mafuta yalikuwa tangini, ila yalikuwa upande ambao mrija wa kunyonyea haufiki.

Tangi la gari hili lina urefu wa sentimita 70 kufuata mwelekeo wa gari, upana wa 45 na kimo cha 32. Gari likiwa tambarare, kila sentimita 1 ya kina ni lita 3.15, kwa hiyo lita 11 zinasimama kwa kina cha sentimita 3 na nusu. Mrija wa kunyonyea umeshuka karibu na ukuta wa mbele wa tangi, sentimita 15 kutoka ukuta huo, na ncha yake imeachwa sentimita 2 juu ya sakafu ili isifyonze tope na maji. Tambarare, ncha imezama sentimita 1 na nusu. Injini inafanya kazi na dereva hana habari.

Sasa mlima. Mwinuko wa pale getini ni asilimia 20, yaani kila mita 1 ya kwenda mbele unapanda sentimita 20. Kuupima hakuhitaji mtaalamu, kwa sababu saiti yoyote ya ujenzi ina pima maji. Laza ubao wa mita 1 juu ya ardhi kufuata mteremko, weka pima maji juu yake, inua mwisho wa chini hadi kiputo kisimame katikati, kisha pima pengo kati ya ubao na ardhi upande huo. Sentimita 20 ni asilimia 20.

Mafuta hayafuati sakafu ya tangi. Uso wake hubaki sawa na upeo wa macho hata tangi likiinama. Kichwa cha gari kikitazama juu, zile lita 11 zinakimbilia ukuta wa nyuma na kufanya umbo la kabari: nyuma kabisa kina kinakaribia sentimita 10, halafu kinapungua hadi sifuri takriban sentimita 50 kutoka ukuta huo. Mrija uko sentimita 55 kutoka ukuta huohuo. Umesimama pakavu.

Geuza gari hilohilo, mafuta yaleyale, mlima uleule, kichwa kitazame chini. Kabari inahamia mbele, na pale ulipo mrija kina kinakuwa karibu sentimita 7. Injini ingewaka na kuondoka. Tofauti kati ya gari linaloondoka na gari lililokwama ni upande dereva alioelekeza kichwa jioni.

Hapa ndipo mahesabu yanapomsaidia mtu kuliko uzoefu wa kukisia. Ili mrija wa tangi hili uwe na kina cha sentimita 3 kwenye mwinuko wa asilimia 20, kichwa kikiwa juu, zinahitajika lita 22. Ndiyo maana robo tangi ni kipimo kizuri cha chini kwa anayelala mlimani: lita 25 zinatosha, ingawa hazina ziada kubwa. Kwenye mwinuko mpole wa asilimia 10, lita 11 zingeacha kina cha sentimita 1 na nusu chini ya mrija, nusu sentimita pungufu ya ncha. Kwa hiyo hata kilima ambacho mtu hakihesabu kuwa kilima kinatosha kukukwamisha.

Matangi hayafanani. Magari mengi yamebadilishiwa tangi, na yapo ambayo mrija umekaa katikati au nyuma. Kujua la kwako ni kazi ya dakika moja: tazama juu ya tangi, tafuta kifuniko chenye paipu mbili, nene ya kunyonyea na nyembamba ya kurudishia, uone kimekaa upande gani. Upande huo ndio unaotakiwa kuwa chini unapoegesha. Mrija ukiwa katikati, mwelekeo wa kichwa hauleti tofauti kubwa na kinachobaki ni wingi wa mafuta tu.

Geji nayo isiaminiwe mlimani. Boya limefungwa sehemu moja ya tangi, kwa hiyo linasoma kina cha mahali pale lilipo. Katika gari hili boya liko jirani na mrija, hivyo mshale ulilala. Lingekuwa nyuma, lingeonyesha zaidi ya robo na kumdanganya dereva kwa upande wa pili.

Kwa nini iliwaka kwanza, halafu ikazima

Jambo hili huwapotosha mafundi wengi, wakadhani ni filta au fidi pampu, ile inayovuta mafuta kutoka tangini, imekufa. Jioni paipu, filta na pampu ya injekta, ile inayosukuma mafuta kwenye nozeli, vilikuwa vimejaa. Asubuhi injini ilitumia akiba hiyo. Ingekuwa inachoma tu, ingeweza kusailensi, yaani kunguruma bila gari kutembea, kwa muda mrefu, maana injini ya ukubwa huu ikiwa sailensi inachoma lita 1 hivi kwa saa. Lakini fidi pampu inasukuma mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yaliyozidi yanarudishwa tangini kwa paipu nyembamba. Akiba ya filta ikarudishwa tangini, na nafasi yake ikajazwa upepo.

Upepo unabanwa, dizeli haibanwi. Pampu ikisukuma upepo, upepo unajikunja tu na shinikizo la kufungua nozeli halipatikani. Ndiyo sababu staata haisaidii hata ukiipiga mpaka ichemke. Sekunde 10 hadi 15 kwa mkupuo zinatosha, kisha ipumzike angalau dakika moja.

Kichwa kikiwa juu kuna ubaya mwingine mdogo: injini iko juu zaidi ya tangi kuliko kawaida. Kama klipu ya paipu imelegea au mpira una ufa wa unywele, mafuta hurudi taratibu usiku kucha. Gari lenye mafuta ya kutosha ambalo kila asubuhi linasumbua kuwaka likilala mlimani, na halisumbui likilala tambarare, lina tatizo hilo. Kagua mpira wa kunyonyea kutoka tangini hadi fidi pampu na klipu zake zote kabla ya kununua chochote.

Kwanza gari lisimame

Kabla ya kugusa spana, hesabu uzito. Canter hii na mzigo wake ni takriban tani 6. Kwenye asilimia 20, nguvu inayolivuta nyuma ni kama uzito wa tani 1.2. Usiku kucha nguvu hiyo ilikuwa imebebwa na handibreki, gia na jiwe moja.

Handibreki ya Canter nyingi za zamani haikamati magurudumu. Inakamata propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, nyuma ya giaboksi. Gia nayo inazuia kupitia propela hiyohiyo. Kati ya propela na matairi kuna difu, na difu inaruhusu tairi moja kuzunguka mbele na lingine nyuma. Tairi moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, au likikaa juu ya changarawe inayoteleza, handibreki na gia vyote viwili vinakosa kazi kwa pamoja na gari linaondoka huku lever imevutwa. Kila fundi anayefanya kazi mlimani anapaswa kulijua hili kabla ya kutoa jeki.

Kinachoshika ni kabari. Tairi la gari hili lina kipenyo cha karibu sentimita 80, na kabari nzuri ina kimo cha robo ya kipenyo, yaani sentimita 20. Mbao ngumu iliyochongwa mshazari inafaa. Jiwe la Ntyuka linafaa likiwa na tako bapa. La duara huviringika. Tofali la saruji halifai hata kidogo, kwa sababu hupasuka ghafla bila dalili. Weka kabari mbili nyuma ya matairi ya nyuma, kulia na kushoto, ziguse mpira. Gari likiwa tupu juu ya changarawe weka na za mbele, kwa kuwa uzito wa nyuma umepungua na matairi yaliyofungwa yanaweza kuburuzika.

Baada ya kabari, kisa hiki kilihitaji jambo moja ambalo halikumjia mtu: kushusha saruji. Gari liko getini, vibarua wapo, mzigo ni wa hapohapo. Tani 3 zikishuka, nguvu inayolivuta gari inabaki nusu.

Shauri la kuteremka kinyumenyume

Breki za Canter ni za mafuta zikisaidiwa na busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, na busta inaishi kwa ombwe linalotengenezwa injini ikizunguka. Injini ikizima, kuna akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu. Asubuhi ile pedali ilikuwa imeshakanyagwa mara kadhaa, kwa hiyo akiba ilikuwa imeisha na pedali ingekuwa ngumu kama imegonga sakafu. Pawa stelingi nayo haipo. Lori la tani 6 likiachiwa kwenye asilimia 20, ndani ya mita 30 tu linafika zaidi ya kilomita 35 kwa saa, tena linakwenda kinyumenyume, dereva akitazama vioo na njia ikiwa na watoto wa shule.

Na hata likipona njiani, haliwaki. Kuzungusha injini kwa magurudumu ni badala ya staata, na staata haikuwa na kasoro. Upepo ulio kwenye pampu unabaki palepale.

Dumu la lita 5 na kwa nini halikusaidia

Lita 5 zikiongezwa kwenye 11 zinakuwa 16. Kabari ya mafuta inarefuka, inaupita mrija kwa shida, na kina chini yake kinakuwa chini ya sentimita 1. Ncha ya mrija iko sentimita 2. Mafuta yaliyonunuliwa hayakuigusa hata ncha, na praima iliendelea kuvuta upepo. Lita 10 zingefikisha kina cha sentimita 2.7, nusu sentimita na kidogo juu ya ncha. Injini ingewaka na kuzima tena gari likitikisika. Lita 20 juu ya zile 11 zinaleta karibu sentimita 6. Hicho ndicho kiasi cha kuagiza: dumu moja la lita 20, kwa safari moja, badala ya kumtuma bodaboda mara nne.

Kama lita 5 ndizo pekee zinazopatikana, zisimiminwe tangini. Chomoa mpira wa kunyonyea tangini, uunganishe kwenye mpira safi unaoingia ndani ya dumu, kisha fanya hivyohivyo kwa mpira wa kurudishia. Wengi husahau huu wa pili. Mafuta ya dumu yanarudishwa tangini na dumu linakauka ndani ya dakika chache. Mipira yote miwili ikiwa dumuni, lita 5 zinatosha sana kushusha gari hadi tambarare kwa mwendo wa kutembea. Dumu lifungwe imara, mbali na ekzosi, na mipira isibanwe na kabini.

Kutoa upepo

Dumu la lita 20 lilipofika na kumiminwa kupitia kitambaa safi, kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Kwenye 4D33 praima ya mkono iko kwenye fidi pampu, ubavuni mwa pampu ya injekta. Fungua kichwa cha praima, legeza boliti ya upepo juu ya filta mzunguko mmoja hivi, weka kitambaa chini, pampu. Litatoka povu, kisha mchanganyiko wa povu na mafuta, mwishowe mafuta matupu. Kaza boliti huku mafuta yakiwa yanatoka, kabla hujaachia mkono. Ukiachia kwanza, filta inavuta upepo upya. Mrija uliokuwa mkavu wote unahitaji kupampu mara nyingi, 40 na zaidi, kwa hiyo asikate tamaa anayepampu. Rudia kwenye boliti ya upepo ya pampu ya injekta. Funga kichwa cha praima vizuri, maana kikiachwa wazi kinavuja.

Kisha staata. Mara nyingi injini inawaka hapo, ikikohoa kidogo na kutoa moshi mweupe, halafu inatulia. Isipowaka, ndipo paipu za nozeli zinapoingia kwenye hesabu: legeza nati za paipu mbili, kwa kawaida spana namba 17, piga staata hadi mafuta yaruke, kaza. Gia iwe huru na kabari ziwe mahali pake. Kufungua nati hizi kabla mafuta hayajafika kwenye filta, kama ilivyotaka kufanyika asubuhi ile, hakutoi chochote.

Hayo ni ya injini za pampu ya kizamani. Canter na Isuzu mpya za komonireli (mfumo wa dizeli wa shinikizo kubwa) zisifunguliwe paipu za nozeli kamwe: shinikizo lake linapita bar 1,000 na mchirizi wa dizeli unapenya ngozi ya mkono. Pampu yake ya shinikizo pia inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo kila sekunde ya staata kavu inaisaga. Kwa magari hayo kutoa upepo kunaishia kwenye praima ya filta. Fuso kubwa zenye breki za upepo zina habari nyingine: upepo ukiisha, springi zinafunga magurudumu na gari haliondoki mpaka injini iwake na kujaza matangi ya upepo. Hilo ni salama zaidi, ila mtu asizilegeze springi hizo kwa boliti akiwa mlimani ili tu gari lisogee.

Injini ya kisa hiki iliwaka. Iliachwa ikizunguka dakika kadhaa ili busta ijae, breki ikakanyagwa na kuhisiwa kwa mguu, ndipo kabari zikatolewa huku dereva ameshikilia pedali, utingo akisimama ubavuni anakoonekana kwenye kioo na si nyuma ya gari. Lilipofika tambarare, kijiti safi kikatumbukizwa tangini: zaidi kidogo ya sentimita 11, yaani lita 35 hivi. Toa 25 zilizoongezwa, zinabaki 10. Nyingine zilimwagika kwenye boliti au kuungua. Tajiri alipigiwa simu na kupewa hesabu hiyo, na utingo akaondolewa lawama.

Namna ambavyo gari lingelazwa

Kama mrija uko mbele, gari lipande kinyumenyume na kulala kichwa kikitazama chini. Mrija unazama, injini inakuwa chini hivyo mafuta hayarudi, na asubuhi dereva anaondoka akiona anakokwenda. Kwa gari lenye mzigo kwenye njia nyembamba, kupanda kwa rivasi kunataka mtu wa kuongoza na njia kavu. Baada ya mvua udongo mwekundu hauruhusu, na hapo afadhali gari libaki chini mzigo ubebwe. Kabari zikae mbele ya matairi ya mbele, na nyingine mbele ya yale ya nyuma. Gia iwe rivasi. Kichwa kikiwa juu iwe ya kwanza. Usukani ukatwe ili gari likiponyoka liegemee kwenye ukingo badala ya kwenda barabarani.

Mpangilio wa kufunga una maana yake. Kanyaga breki, gia huru, handibreki, utingo aweke kabari, kisha achia pedali polepole mpaka gari likalie kabari. Ndipo uzime na kutia gia. Anayetia gia kwanza na kuacha uzito wote uegemee meno ya giaboksi atahangaika kuichomoa asubuhi, na ikichomoka ghafla gari linaruka nyuma kabla hajajiandaa. Usilaze lori kwa kukingama mteremko. Mafuta yanaweza kuwa sawa lakini lori lenye mzigo likiinamia upande mmoja ni hatari kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa.

Baada ya tukio kama hili, filta isisahauliwe. Tangi linaloendeshwa karibu na tupu lina tope na maji ya umande sakafuni, na usiku wa mlimani huyakusanya yote kwenye kona ya nyuma. Gari likirudi tambarare yanasambaa na kuufikia mrija. Fungua boliti ya chini ya tangi gari likiwa limetulia saa kadhaa, kinga lita moja kwenye chupa angavu, uiache itulie. Maji yataonekana chini kama tabaka lenye mstari. Yakionekana, mwaga maji ya filta pia na uibadilishe. Yasipoonekana, filta ya sasa iendelee, lakini ikaguliwe tena injini ikianza kupoteza nguvu kwenye mlima.